Mtu asiye na huruma: je, gereza linaweza kumgeuza?



Mama mmoja aliniuliza hivi karibuni: «Mwalimu, kijana aliyetutesa ametoka gerezani. Hana haya, hana huruma. Watu wanasema amezaliwa hivyo. Anaweza kugeuka, ao tumfukuze?»

Swali hili si dogo. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Januari 2025 maelfu ya wafungwa walitoroka gereza la Munzenze, Goma. Wanawake waliofungwa mle walibakwa, na wengi wakafa kwa moto. Kwa hiyo hofu ya mama huyu ina sababu. Lakini hofu haitoshi kutuonyesha njia. Leo tutazame historia ya nchi nyingine, Kanada, iliyopita katika swali hilihili na kukosea vibaya.

Waganga wa akili wana neno saikopathi. Wanalitumia kwa mtu ambaye tangu ujana anadanganya bila kusitasita, anatumia watu kama vyombo, hajuti, na maumivu ya mwenzake hayamgusi. Hana wazimu: anajua lililo jema na lililo baya. Mwaka 1941 mganga wa Marekani, Hervey Cleckley, aliandika kitabu juu ya watu hao. Baadaye Robert Hare, mwalimu wa chuo kikuu huko Kanada aliyeanza kazi yake gerezani, alitunga kipimo cha alama 20, kilichotolewa rasmi mwaka 1991. Kila alama inahesabiwa 0, 1 ao 2, na jumla ya juu ni 40. Kule Amerika ya Kaskazini, anayefika 30 ndiye anayeitwa hivyo. Sikilizeni vizuri: wafungwa walio wengi hawafiki hapo. Mtu anaweza kuua ao kuiba bila kuwa wa namna hiyo.

Sasa tuingie Oak Ridge. Ilikuwa nyumba yenye ulinzi mkali kabisa, huko Penetanguishene, jimbo la Ontario, kwa wahalifu waliohesabiwa kuwa wagonjwa wa akili. Kuanzia mwaka 1965, mganga Elliott Barker alileta mpango mpya. Aliamini kwamba wafungwa wanaweza kuponyana wao kwa wao kwa kuzungumza. Wakakaa katika vikundi hadi saa 80 kwa juma. Waliongoza wenyewe, wakachunguzana, wakahukumiana. Wengine walifungiwa pamoja uchi katika chumba kidogo kwa siku kadhaa, wakanyweshwa chakula kwa mirija iliyopita ukutani. Walipewa pia dawa za kuvuruga akili. Hakuna aliyeweza kusema: mimi nimekataa.

Wageni wengi walisifu mpango huo. Wafungwa walijifunza kusema maneno mazuri juu ya moyo, majuto na huruma. Baadhi ya wenye saikopathi wakapewa hata kazi ya kuongoza wenzao.

Mwaka 1992 watafiti Marnie Rice, Grant Harris na Catherine Cormier walitoa hesabu. Walifuatilia wanaume waliopitia mpango huo kwa miaka zaidi ya 10, wakawalinganisha na wengine waliokaa gereza la kawaida. Kwa wasio na saikopathi, waliorudia jeuri walikuwa asilimia 22 kati ya waliopitia mpango, na asilimia 39 kati ya wasiopitia. Kwa wenye saikopathi mambo yaligeuka: waliopitia mpango waliorudia jeuri ni asilimia 77, na wasiopitia asilimia 55. Dawa ileile ilimsaidia mmoja, ikamharibu mwingine. Watafiti walifikiri kwamba hao wa pili walijifunza kusoma mioyo ya watu, wakatumia elimu hiyo kuwadhuru. Na mwaka 2020 mahakama ya Ontario iliamua kwamba waganga na serikali ya jimbo wanawajibika kwa mateso waliyopata watu mle ndani.

Wengi wakasema basi, watu hao hawageuki. Hilo nalo ni kosa. Mwaka 1995, huko Wisconsin, Marekani, kilifunguliwa kituo cha Mendota kwa vijana wakali walioshindikana magerezani. Pale hawakutegemea adhabu juu ya adhabu. Kila siku mwenendo wa kijana ulipimwa, na mwenendo mzuri ulimpa faida ileile siku iliyofuata. Katika hesabu zilizotolewa mwaka 2006, vijana waliotibiwa pale hawakuua mtu hata mmoja baada ya kutoka. Kundi la wenzao walilolinganishwa nalo liliua watu 16.

Ndugu zangu, tunajifunza nini?

Kwanza, tusiwape watu jina hili sisi wenyewe. Kipimo kile ni cha wataalamu waliofundishwa. Mtoto aliyeona vita na kubebeshwa bunduki anaweza kuonekana hana machozi, kumbe moyo umejifunga kwa sababu ya maumivu.

Pili, wakubwa wa mitaa, msipime mtu kwa utamu wa toba yake. Oak Ridge ilidanganywa na maneno. Tazameni matendo kwa miezi na miaka: anafanya kazi, anarudisha alichochukua, anakaa mbali na aliowaumiza? Na kabla ya kumpokea, mulize kwanza waliodhurika, na muwalinde.

Tatu, sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kosa ni la mtu mwenyewe. Msimfukuze mama yake wala ndugu zake. Kifungu cha 18 kinasema kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Gereza lenye njaa na msongamano halimponyi mtu. Linamrudisha kwetu akiwa mbaya zaidi.

Kwa mama yule nasema: huna lazima ya kumwamini kijana huyo leo. Una haki ya kulindwa, na ya kumshtaki mbele ya mahakama akikosa tena. Lakini usiseme kwamba amezaliwa mnyama. Hakuna ajuaye hilo, na anayelisema anafungua mlango wa kuua.