Je, Waanglikana Wamekubali Ndoa za Jinsia Moja? Ufafanuzi



 

Tumeulizwa na wasomaji wa Unguja na Pemba kuhusu ujumbe unaozunguka kwenye simu, kwamba Waanglikana wamekubali ndoa za jinsia moja. Wako wenye majirani Waanglikana, na wako wenye watoto wanaosoma Uingereza. Hukumu ya Dini yetu katika jambo hili inajulikana, na si mada ya makala haya. Hapa tunaeleza khabari ilivyo, kwani tumeamrishwa kuhakikisha kabla ya kusema.

Jibu kwa ufupi

Inategemea ni kanisa la nchi gani. Kanisa la Uingereza limeruhusu sala za kuwaombea baraka wawili wa jinsia moja, lakini halifungishi ndoa zao. Kanisa la Kiaskofu la Marekani liliruhusu ndoa hizo mwaka 2015, na la Scotland mwaka 2017. Kanisa Anglikana la Tanzania, ambalo Dayosisi ya Zanzibar imo ndani yake, halikuruhusu lolote kati ya hayo.

Kwa nini wanatofautiana

Waanglikana hawana Papa. Wao ni jumuiya ya makanisa zaidi ya 40 duniani, na kila moja lina maamuzi yake. Askofu Mkuu wa Canterbury anaheshimiwa, lakini nje ya Uingereza hana amri. Ni kama fatwa ya Mufti wa nchi moja, ambayo haimfungi Mufti wa nchi nyingine.

Mwaka 1998 maaskofu wao wa dunia nzima walikutana katika Mkutano wa Lambeth. Kwa kura 526 dhidi ya 70 walisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba vitendo vya jinsia moja haviendani na Maandiko yao. Azimio hilo hilo liliwataka pia wawasikilize waumini wenye hali hiyo. Mwaka 2003 Wamarekani walimsimika askofu anayeishi na mwanamume mwenzake, na hapo mpasuko ukawa wa wazi.

Yaliyotokea Uingereza

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ndoa za jinsia moja mwaka 2013. Sheria hiyo hiyo inalizuia Kanisa la Uingereza kuzifungisha. Mwaka 2017 maaskofu walileta ripoti iliyobakisha mafundisho ya zamani, na makasisi katika Sinodi Kuu wakakataa kuipokea. Ikafuata miaka ya kusikilizana. Mwaka 2020 kilitolewa kitabu na masomo ili waumini wajadiliane makanisani mwao.

Februari 2023 Sinodi Kuu ilipiga kura. Sinodi hiyo ina nyumba tatu, na kila moja hupiga kura yake. Maaskofu walikubali kwa 36 dhidi ya 4, makasisi kwa 111 dhidi ya 85, na walei, yaani waumini wa kawaida, kwa 103 dhidi ya 92. Sala zilianza kutumika Disemba 2023 ndani ya ibada za kawaida, na kasisi asiyetaka halazimishwi. Ibada maalumu zinazofanana na harusi ni suala jengine. Oktoba 2025 maaskofu walisema haziwezi kuanza bila ya kupita njia kamili ya Sinodi, inayohitaji thuluthi mbili katika kila nyumba.

Hakuna upande ulioridhika. Wanaotaka kufungishwa ndoa wanasema wameachwa mlangoni. Wanaoshika mafundisho ya zamani wanasema kubariki ni kukubali kwa jina jengine.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi

Disemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na kanisa la Marekani umeharibika vibaya. Februari 2007 wakuu wa makanisa ya Anglikana duniani walikutana Dar es Salaam kuzungumzia mgogoro huo huo, na Jumapili wakavuka bahari kuja kusali katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Baada ya kura ya 2023, viongozi wengi wa Afrika na Asia walisema hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wa jumuiya yao.

Tunachowausia

Jirani yako Muanglikana hapa visiwani hakupiga kura London. Kumtupia maneno barazani au sokoni, au watoto kumkejeli mwanawe skuli, ni kumbebesha mtu lisilokuwa lake. Uadilifu tumeamrishwa hata kwa tusiyeafikiana naye, seuze jirani.

Na mzazi mwenye mtoto Uingereza amfahamishe kwamba hata huko Wakristo wenyewe wamegawika. Asimhukumu mwanafunzi mwenzake kwa jina la kanisa lake tu, bali amuulize kwa adabu anachoamini.

Ujumbe ukikufikia tena, uliza kwanza: kanisa la nchi gani, limeamua nini, na lini? Ukikosa majibu, usiusambaze.

Na Allaah Anajua zaidi.