UZI: Juala lilipigwa marufuku na nani, na mbona mama mboga ndiye alilipa?

1. Wadau, mdahalo wowote ukigusa mazingira, haziishi dakika tano kabla ya juala kutajwa. Mmoja anasema, "Sisi ndio tuliliondoa." Mwingine anamjibu, "Mliua biashara za watu." Halafu wafuasi wanaingia na matusi, hoja inapotea. Leo tuangalie historia yenyewe. Sheria ya hapa ni ile ile: hatutaji jina la mwanasiasa, hatutaji chama. Ukijua ni nani, kaa na siri yako.

2. Naandika kutoka Kabati. Si ile ya Murang'a, hii yetu ya Kitui. Najua swali linalokuja: Mkamba wa Kabati na taka za baharini wapi na wapi? Shikilia hapo, tutafika.

3. Kwanza niungame. Mimi nilikuwa muuza majuala. Miaka ya tisini, shule zikifungwa, nilizunguka sokoni nikiwa na bunda mkononi: dogo shilingi mbili, kubwa lenye mistari shilingi tano. Tuliyaita "karatasi" ingawa hayakuwa karatasi kamwe. Mteja akinunua maembe au ndengu, mimi niko hapo nyuma yake. Ada ya mtihani nililipa kwa hizo pesa, kwa hivyo mtu akiniambia juala lilikuwa riziki, simbishii.

4. Kabla ya juala kulikuwa na kyondo. Wengi mnakiita kiondo. Mama zetu Ukambani walikisuka kwa katani, na nyuzi za magome ya miti kabla ya hapo. Susu yangu alikuwa na kimoja alichoendea sokoni miaka na miaka, kikipasuka anashona. Juala lilipofika, kyondo kikaonekana kitu cha washamba. Vikaanza kuuzwa kwa watalii, sisi wenyewe tukabaki na plastiki. Hapo ndipo tulipoteleza, na hakuna serikali iliyotusukuma.

5. Kiangazi kimoja mbuzi wa susu alivimba tumbo, akaacha kula, akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na fundo la plastiki limesokotana kama kamba, bado unaona mistari ya rangi. Susu alinitazama tu, hakusema kitu. Sikuhitaji kuambiwa bunda lile lilitoka kwa nani. Mbuzi huku ni akiba ya benki: ni karo, ni hospitali. Huyo alikuwa wa karo yangu ya muhula uliofuata.

6. Sasa historia. Watu wengi hudhani marufuku ilianguka kutoka mbinguni mwaka 2017. Hapana. Mwaka 2005, NEMA pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lenye makao yake pale Gigiri, na taasisi ya utafiti ya KIPPRA, walitoa ripoti wakipendekeza mifuko myembamba ipigwe marufuku na ile minene itozwe ada. Mwaka huo huo, mama yetu aliyeshinda tuzo ya amani ya Nobel 2004 alieleza wazi: juala lililotupwa hushika maji ya mvua, na mbu wa malaria huzaana humo. (Jina lake mnalijua. Kwa vile alikaa bungeni pia, sheria ya uzi inanifunga.)

7. Jaribio la kwanza, 2007. Bajeti ya mwaka huo ilitangaza kuzuia mifuko iliyo chini ya mikroni 30, na iliyobaki ikawekewa ushuru wa asilimia 120. Mikroni 30 ni sehemu tatu za mia za milimita. Sasa nikuulize: sokoni Kabati ni nani ana mashine ya kupima mikroni? Askari angejuaje hili ni 25 na lile ni 35? Wenye viwanda walipinga, uchaguzi ukaja, mambo yakaendelea kama jana.

8. Jaribio la pili, 2011. NEMA ikapandisha kiwango: chini ya mikroni 60 marufuku. Kosa ni lile lile. Ukipiga marufuku wembamba badala ya kitu chenyewe, umemwachia kila mtu mlango wa kutokea. Nilikuwa nimeshaacha biashara hiyo, lakini vijana walionirithi hawakuacha hata siku moja.

9. Hapa pana jambo ambalo kwenye midahalo husikii. Kati ya 2011 na 2017 waliosukuma gari hili ni wananchi. Kule Nakuru, mpiga picha James Wakibia alikerwa na taka za jaa la Gioto, pale kandokando ya barabara. Akaanza kupiga picha na kuziweka mtandaoni, kisha mwaka 2015 akaanzisha kampeni ya kuunga mkono marufuku ya plastiki. Hakuwa na cheo, alikuwa na kamera na simu. Watu walijibandika majuala usoni na mwilini wakapiga picha, zikasambaa mpaka wakubwa wakazijibu.

10. Machi 2017 tangazo likatoka katika gazeti rasmi la serikali: kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku, iwe minene iwe myembamba. Tukapewa miezi sita. Wenye viwanda walisema kampuni 176 zitafungwa na watu 60,000 watakosa kazi. Kwa upande wa pili, UNEP ilikadiria supamaketi za Kenya pekee zilikuwa zikitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Waagizaji walikimbia Mahakama Kuu kuomba marufuku isimamishwe, wakakataliwa.

11. Siku ya kuanza: 28 Agosti 2017. Kumbukeni nchi ilikuwa wapi siku hiyo. Tulikuwa tumepiga kura tarehe 8, kesi ya urais iko Mahakama ya Juu, na Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Katikati ya joto hilo juala likaondoka, na wafuasi wa pande zote wakaanza kubeba mifuko mipya. Ndiyo maana mimi hushangaa mtu akidai kwamba hii ilikuwa ajenda ya upande mmoja. Juni 2018, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba marufuku ni halali kwa manufaa ya wote.

12. Adhabu sasa. Faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba ni sheria kali kuliko zote duniani. Kwa mwenye kiwanda, milioni 2 ni hasara. Kwa mama mboga, milioni 2 ni maisha yake yote, ya watoto wake, na shamba juu.

13. Shangazi yangu alikuwa anapima njugu kwenye vipakiti vidogo vya plastiki. Miezi michache baada ya marufuku, walimkuta navyo sokoni. Sitasema ni askari gani wala wa ofisi gani, na hilo silo la maana. Alizuiliwa mpaka jioni, ndugu wakachanga, akaachiliwa bila risiti. Njugu zilimwagwa. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, mbona mkate wa dukani umefungwa plastiki na hakuna aliyeshikwa?"

14. Shangazi hakusoma sheria lakini aliiona. Marufuku iliacha nje vifungashio ambavyo kiwanda hutumia kufunga bidhaa yake. Kwa hivyo mkate ulibaki kwenye plastiki, na chupa ya soda haikuguswa. Kuhusu chupa kulikuwa na vitisho vya marufuku, kisha mwaka 2018 ikaundwa PETCO, wenye viwanda wakijitolea kugharamia ukusanyaji. Elewa tofauti hapo: mkubwa aliombwa ajitolee, mdogo akatishiwa jela.

15. Lakini tuwe wakweli. Je, ilifanya kazi? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mti wa mgunga kando ya barabara yetu, uliokuwa umechanua majuala kama maua, leo una majani yake tu. NEMA ilisema mwaka 2018 kwamba hapo awali wanyama 3 kati ya 10 kwenye vichinjio walikutwa na plastiki tumboni, na idadi ikashuka hadi 1 kati ya 10. Ukifuga huku kwetu, hiyo ni hela. Anayesema marufuku haikusaidia kitu hajawahi kupoteza mbuzi.

16. Majirani nao wana somo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hii mwaka 2006, Rwanda 2008, Tanzania Bara Juni 2019. Uganda ilitangaza 2007 lakini utekelezaji ukalegea, na baada ya marufuku yetu mifuko ikawa inavuka mpaka kimyakimya kuja huku. Tangazo peke yake halitoshi, na nchi moja ikiacha mlango wazi, jirani ndiye anayeingiwa na vumbi.

17. Turudi kwa swali la bahari. Chukua ramani. Mto Athi unapokea maji ya Mto Nairobi, pamoja na taka zake. Unateremka ukipita mpakani mwetu, Kitui upande mmoja, Machakos na Makueni upande mwingine. Mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chupa iliyotupwa mtaani Nairobi inapita kwetu kabla ya kufika kwa mvuvi. Kule Watamu, ng'ambo kidogo tu ya Malindi, kasa humeza plastiki wakidhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini ambaye ni chakula chao. Kasa na mbuzi wa susu ni kisa kimoja.

18. Na si kasa tu. Pale Thwake inapoungana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi wa bwawa kubwa ulianza 2018. Ni maji tunayoahidiwa kila kampeni. Wasiwasi umeshatolewa hadharani kwamba maji yatakayojaa pale yanabeba uchafu wa Nairobi. Kwa hivyo mtu wa Kabati akiuliza habari za taka za jijini, anaulizia kikombe chake.

19. Watu wa Pwani hawakungoja mdahalo. Lamu, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda chombo cha plastiki iliyookotwa, kikafunikwa kwa ndara kuukuu za rangi zote. Kinaitwa Flipflopi. Kilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kikisimama vijijini kuzungumza na watu. Hakikumaliza taka, lakini kila aliyekiona alielewa ni taka kiasi gani zinaokotwa.

20. Sheria nayo imesogea. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa. Mwaka 2022 tukapata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, yenye jambo ambalo shangazi angelifurahia: wajibu wa mzalishaji. Yaani anayetengeneza au kuingiza kifungashio ndiye agharamie kukikusanya kikishakuwa taka. Kanuni zake zilitoka 2024. Kwa dunia nzima, mataifa yalikubaliana hapo hapo Nairobi, Machi 2022, kuandika mkataba wa plastiki. Wakakutana Busan 2024 na Geneva 2025 bila kuelewana, hasa juu ya kama uzalishaji wenyewe upunguzwe.

21. Ukiangalia hivyo, bishano ni lile lile kutoka Geneva mpaka Kabati: tumbane anayetengeneza au anayebeba? Mwaka 2007 na 2011 hatukumbana yeyote, ikashindikana. Mwaka 2017 tulimbana hasa anayebeba, ikafaulu nusu. Nusu iliyobaki ni ya mtengenezaji, na hiyo ndiyo siasa halisi. Ile ya "nani aliliondoa juala" ni kelele za kugombania mbuzi aliyekwisha chinjwa.

22. Kwa hivyo mgombea akija kwenu, wa upande wowote, muulize matatu. Moja: kanuni za wajibu wa mzalishaji umezisoma, na katika kaunti hii zimemlipa nani kuokota chupa? Mbili: jaa la taka la soko letu liko wapi, na lina ua? Tatu: maji ya Athi yakifika Thwake, nani atayapima na majibu yatabandikwa wapi? Akianza hadithi za 2017, mwambie tulikuwepo.

23. Mimi siku hizi naenda sokoni na kyondo cha susu. Mpini mmoja ni wa kamba ya nailoni, kwa sababu ule wa katani ulikatika na sikupata fundi wa kuusuka. Shangazi bado anauza njugu, sasa anazifunga kwa karatasi ya daftari kuukuu. Zile pesa tulizochanga hazikurudi.

Mwisho wa uzi. Kama soko lenu lina kisa chake, andika hapa chini, bila majina. Tunasoma yote.