Kibera au Kibra? Jina lililobeba historia ya wageni

Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kawangware, aliniuliza: "Mwalimu, ni Kibera ama Kibra? Na mbona sisi tunasema tu Kibich?"

Swali dogo, ila jibu lake ni historia ya zaidi ya karne moja.

Kibra ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mapema katika karne ya 20, wakoloni waliwapa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan msitu huo uliokuwa nje ya Nairobi. Mnamo 1918 ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, yenye ekari zaidi ya 4,000. Askari hao hawakuwa kabila moja. Kilichowaunganisha ni Kiarabu cha kambini, ambacho watoto wao walikirithi kikawa Kinubi. Wanaisimu huita lugha ya aina hii krioli.

Baadaye Waluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba waliofuata kazi mjini walipanga vyumba kwa Wanubi, Kiswahili kikawa lugha ya ploti. Kila kundi likaacha alama yake. Laini Saba hukumbusha uwanja wa shabaha wa askari; Kisumu Ndogo hukumbusha nyumbani. Hata Kawangware, abiria akisema "nashuka 56", ametaja nambari ya basi iliyogeuka jina la mahali.

Hata hivyo, neno moja limewauma Wanubi: "mgeni". Wajukuu waliozaliwa hapa walisumbuka kupata vitambulisho. Mwaka 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa raia. Hati ya ardhi ya jamii ilitolewa 2017, kwa ekari 288 tu.

Basi nilimjibu kijana hivi: yote ni sahihi. Kiswahili hupenda kutenganisha konsonanti kwa irabu, ndiyo maana "klabu" wengine huita "kilabu". Kibera ni Kibra iliyopokelewa na ndimi za waliokuja baadaye, na Kibich ni zamu ya vijana.

Ila tusisahau msitu. Anayemwita Mnubi mgeni pale Kibera anamfukuza mtu huku akiishi ndani ya neno lake.