UZI: Bastola ya mfukoni, na mahali usipoweza kuingia nayo

Kila mjadala wa silaha ukianza hapa, lazima mtu aseme "lakini Marekani kila mtu anabeba." Ngoja kwanza. Huko kwenyewe mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu.

Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalikataza kubeba silaha iliyofichwa. Si silaha yenyewe, ni kuificha. Bastola ikionekana kiunoni, sawa. Ukiitia ndani ya koti, wewe ni mtu wa kuvizia wenzako. Kentucky mahakama iliifuta 1822, lakini ya Louisiana ilidumu. Mwaka 1850 majaji wa huko waliitetea kwa hoja hiyohiyo: mwanamume hujilinda hadharani, anayeficha anapanga kuua.

New York nayo, 1911: bila leseni hubebi. Baadaye ukawa unadaiwa sababu maalum, na "naogopa wezi" haitoshi. Mkenya ataelewa haraka, maana Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, pia inataka afisa aridhike kwamba una sababu nzuri na hutahatarisha usalama wa umma.

Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hiyo ya New York, majaji 6 kwa 3. Kubeba nje ya nyumba ni haki, wakasema, raia asidaiwe sababu maalum. Hapo swali likahama kutoka "nani abebe" hadi "asibebe wapi."

Majaji walitaja mahali ambapo marufuku ni ya tangu zamani: mabunge, vituo vya kura, mahakama. Ila wakaonya kwamba huwezi kuiita Manhattan yote mahali nyeti eti kwa sababu ina watu wengi. Siku chache tu, New York ikaja na orodha ndefu: Times Square, treni za mjini, bustani, baa, hadi makanisa. Kesi zikamiminika. Sasa mawakili wanafukua sheria za miaka ya 1800 kutafuta kama kuna aliyewahi kukataza bunduki bustanini. (Kazi ya wanahistoria hiyo, lakini haya.)

Na Louisiana? Tangu 4 Julai 2024, mtu wa miaka 18 na zaidi asiyezuiwa na sheria nyingine anaweza kuficha bastola bila kibali chochote. Jimbo lile lile la 1813. Ila mahakamani, kituo cha kura, na jengo la bunge la jimbo, walikopitishia sheria yenyewe, raia bado haingii nayo.