Utitiri wa kuku: tibu banda kwanza, usimwagie kuku sumu

Koo ameatamia vyema kwa zaidi ya wiki moja. Asubuhi moja unamkuta amesimama nje ya banda, mayai yamepoa, naye hataki kurudi. Wengi wetu husema kuku huyo ameharibika, na kisu kinatafutwa. Mara nyingi kosa si lake. Tia mkono kwenye kiota chake ungoje kidogo, utahisi vijidudu vikikutembea kuelekea kwenye kiwiko. Huo ni utitiri. Koo amekimbia kwa sababu amenyonywa damu usiku kucha.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutambua na kuumaliza bila kudhuru kuku, watoto wala wale watakaokula mayai.

Ni mdudu gani?

Utitiri ni jamaa ya kupe. Ukikomaa huwa na miguu minane, na mwili wake haufiki urefu wa milimita moja au hukaribia hapo. Ule unaosumbua sana mabanda, ambao kwa jina la kitaalamu ni *Dermanyssus gallinae*, haukai juu ya kuku mchana. Hujificha kwenye nyufa za fito, chini ya viota na katika maungio ya mbao. Usiku hutoka, hunyonya damu, kisha hurudi ulikojificha na kutaga mayai. Ukiwa na njaa ni wa kijivu. Ukishiba huwa mwekundu. Kwenye joto, yai huweza kuwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja tu. Banda likiwa tupu, huweza kungoja kwa wiki nyingi bila kula.

Kuna aina nyingine inayokaa juu ya kuku mwenyewe, hasa kwenye manyoya ya chini ya mkia. Ya tatu huchimba chini ya magamba ya miguu, magamba yakainuka na miguu ikawa minene kama iliyopakwa chokaa.

Dalili

Kilemba cha kuku kinapauka, mayai yanapungua, kuku hawataki kuingia bandani jioni, na vifaranga wanakufa bila ugonjwa unaoonekana. Watu wa nyumbani nao huamka wakijikuna. Utitiri wa kuku huuma watu, ingawa hauwezi kuishi juu ya mwili wa binadamu.

Ili kupata hakika, ingia bandani usiku na tochi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia kuku, kisha kibonyeze. Ukiona madoa ya damu, umeshapata jibu.

Makosa yanayoleta hasara

Kosa kubwa ni kumtibu kuku na kuliacha banda. Kuku akipakwa dawa leo na kurudishwa kwenye fito zile zile, usiku wa pili ananyonywa tena. Mwenyewe huona dawa ni hafifu, akatafuta kali zaidi. Hapo ndipo zinapoingia sumu za mbogamboga, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia, au kitu kisicho na jina kilichouzwa ndani ya chupa ya soda.

Sumu ya namna hiyo huweza kupita kwenye ngozi ya kuku na kuingia kwenye mayai, na yai halibadiliki rangi wala ladha. Mwaka 2017, mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya baada ya fipronili, dawa isiyoruhusiwa kwa wanyama wanaoliwa, kutumika kuua utitiri huu huu katika mabanda ya Uholanzi na Ubelgiji. Huko mayai yalipimwa maabara. Yai la uani petu hutoka kiotani likaingia kwenye kikaango.

Mafuta ya taa nayo yasitumike. Huchoma ngozi ya kuku, na bandani penye makuti na nyasi kavu ni moto unaosubiri cheche.

Hatua za kufuata

1. Watoe kuku wote bandani asubuhi. Ondoa viota, nyasi na kinyesi chote, uvichome mbali na nyumba.

2. Kwangua fito na mbao, kisha zimwagie maji yanayochemka, hasa kwenye ncha na maungio. Watoto wakae mbali.

3. Banda likikauka, pulizia dawa iliyosajiliwa kwa mabanda ya kuku. Zile zenye pareto au permethrini hutumika sana. Lenga nyufa, na uache banda likauke kabisa kabla kuku hawajarudi.

4. Siku hiyo hiyo, wapake kuku dawa ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Ipenyeze chini ya mabawa na chini ya mkia, usiiguse macho wala mdomo. Vifaranga wadogo wasipakwe dawa ya wakubwa bila ushauri wa daktari wa mifugo.

5. Rudia baada ya siku saba, kisha mara nyingine ikiwa kitambaa bado kinatoka na damu. Dawa nyingi haziui mayai ya utitiri, kwa hiyo mara ya pili ndiyo inayokata kizazi.

Kwa miguu yenye magamba, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha paka mafuta ya nazi au mafuta mazito ya kujipaka kila baada ya siku chache, hadi magamba mapya yatoke. Usiyabandue kwa nguvu.

Soma karatasi ya dawa

Nunua dawa iliyofungwa kiwandani, yenye namba ya usajili. Kwa dawa za wadudu nchini Kenya, namba hiyo huwa na herufi PCPB. Tazama kama imeandikwa kuwa ni ya kuku, na ni siku ngapi za kungoja kabla ya kula mayai au nyama. Mayai ya siku hizo yafukiwe, wala usimpe jirani. Dawa ya sindano ya ng'ombe, kama ivermektini, usimpe kuku bila daktari wa mifugo.

Vaa glavu, funika pua na mdomo, na ukae upande upepo unakotoka. Permethrini huweza kumuua paka, basi paka wasiingie bandani wala kulalia magunia yaliyopuliziwa. Huua samaki pia. Usioshee bomba la dawa kisimani wala kwenye mtaro unaokwenda baharini.

Mtu akimeza dawa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chupa pamoja na karatasi yake.

Ili usirudi

Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Njiwa wasilale banda moja na kuku, na viota vya ndege kwenye paa viondolewe. Paka chokaa kutani na kwenye fito ili kuziba nyufa. Badilisha nyasi kabla koo hajaanza kuatamia. Wawekee kuku pahali pakavu penye mchanga na majivu ya kuni wapate kujigaragaza. Majani ya mwarobaini kiotani yanasaidia kupunguza, lakini banda likishajaa utitiri hayatoshi peke yake.

Zaidi ya yote, pitisha kitambaa cheupe kila mwezi. Utitiri ukionekana ukiwa mchache, maji ya moto na ufagio huweza kuumaliza kabla hujahitaji dawa.