Mwanamume na Baiskeli ya Kike

Mwanamume akipita Gongo la Mboto juu ya baiskeli ya kike, kijiweni hakosi wa kupaza sauti: "Mshikaji, umeiba ya maza?" Mwenyewe anakanyaga pedeli, anazuga hakusikia. Kicheko hicho kina historia.

Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Wanawake wa Ulaya na Marekani wa zama hizo walivaa magauni ya kufika miguuni, na bomba la juu la fremu likawa kikwazo. Kabla karne ya 19 haijaisha, mafundi walikwishalishusha bomba lile, na mnyororo wakaufunika ili gauni lisinaswe. Kumbe ukike wake ulitokana na nguo!

Sasa tujiulize, hapa pwani yetu kanzu ni nini mbele ya bomba la juu? Na msuli je? Mzee anayetoka kuswali Ijumaa, akitaka kupanda baiskeli ya kiume, sharti aipandishe kanzu hadi magotini. Fundi wa Uingereza angemwona, angempa ya kike bila kumuuliza jinsia.

Tusidanganyane, bomba la juu lina kazi yake. Linaikaza fremu isipinde, ndiyo maana wabeba mkaa hupenda ya kiume. Lakini aliyefunga kreti la mikate kwenye keria atarushaje mguu kwa nyuma? Wajapani waliliona hilo. Honda Super Cub, pikipiki iliyotoka mwaka 1958, ina nafasi ya kupitisha mguu mbele ya siti. Kufikia mwaka 2017 zilikwishatengenezwa zaidi ya milioni 100, na wanaume wameziendesha dunia nzima. Mbona hizo hatuziiti za kike?

Aidha, jina hili linawaumiza wengi. Kijana anaiacha baiskeli ya dada yake ukutani, anakwenda kazini kwa miguu kwa kuogopa maneno. Naye msichana wa sketi ya shule, nyumbani kukiwa na ya kiume tu, hujifunza kwa taabu au hajifunzi kabisa.

Sisi tunaojifunza kuandika, maneno ndiyo mtaji wetu. Tukiandika hadithi, tumpandishe mhusika wetu baiskeli yoyote iliyopo, afike anakokwenda.