Paredi Ingeanzia Ruring'u

Wasee, Madaraka Dei ya 2017 ililetwa Nyeri, pale Kabiruini. Barabara zilijaa watu hadi matatu zikakwama; mimi nilipenya na baiskeli ya guka, bendera kwenye hendeli. Jioni akaniuliza kama nilipita Ruring'u. Nilipita, lakini sikusimama. Kumbe ni kwa uwanja huo, Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaweka silaha chini. Wakati wa Hali ya Hatari, watu wa huku hawangetembea ovyo bila pasi, sembuse kuzurura na baiskeli. Na hao waliotoka msituni? Wengi walikuta mashamba yashagawanywa wakiwa hawapo. Guka huwa hapendi kuongelea hiyo. Kwangu mimi, paredi ingeanzia hapo Ruring'u.